Mwenye Pikipiki Ataje Jina Lake

Alhamisi ile, saa mbili na robo asubuhi, Ambokile alikuwa anatoka Kisondela kwenda mjini Tukuyu na pikipiki nyekundu. Juu ya tangi alilaza kiroba cha maparachichi. Nyuma yake alikaa Beatrice, nesi wa zahanati, aliyekuwa anawahi kikao, na nyuma ya Beatrice alikaa Tusekile, mke wa Ambokile, ambaye alifariki miaka mitatu iliyopita. Ukungu ulikuwa umelala chini kwenye chai. Beatrice alijifunga kitenge kichwani, juu yake akavaa kofia ngumu. Tusekile hakuwa na kofia. Alijitanda kanga ya kijani, ile aliyozikwa nayo, na mkono mmoja ulishika koti la mumewe kwa kupitia ubavuni mwa nesi.

Njia panda ya Ibighi trafiki akanyoosha mkono.

Alikuwa Koplo Wilson, mtu wa Singida. Mwaka wa pili huu yuko Rungwe na bado alivaa sweta mbili. Alimwamkia Ambokile vizuri, shikamoo mzee, kisha akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mmepanda wangapi hapo?"

"Mimi na nesi," alisema Ambokile. "Huyo wa nyuma ni marehemu mke wangu."

Koplo akasogea, akamtazama Tusekile, akampa pole. Kisha akampa pole na Ambokile. Aliuliza ni lini, akaambiwa Aprili, miaka mitatu. Alitikisa kichwa, akafungua kitabu, akaandika mshikaki, abiria wawili kwenye pikipiki moja, mmoja hana kofia.

Beatrice alijaribu kumtetea. Alisema yeye ni mtu wa afya, marehemu hana uzito, hata tairi haionyeshi. Koplo akamjibu bila ubishi kwamba sheria haikutaja uzito, imetaja mtu. Akamgeukia Ambokile.

"Mzee, huyu ni mtu au si mtu? Ukiniambia si mtu, nafuta hapa, unakwenda zako."

Ambokile alimtazama mkewe. Tusekile alikuwa anaangalia upande wa pili, kwenye duka la mbolea, kama mwanamke anayesubiri wanaume wamalize mazungumzo yao. Kusema neno lile mbele yake hakuweza, hata kwa ajili ya pikipiki.

"Ni mtu," alisema.

"Basi," alisema koplo, akaomba funguo.

Sasa, watu wa Kisondela walijua habari ya Tusekile tangu mwanzo, wala hakuna aliyeifanya hadithi. Aprili ile alipozidiwa, kifua kikambana asubuhi akiwa anachuma chai, Ambokile alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Aliambiwa gari lipo, ila limeshikiliwa. Lilikamatwa barabarani limebeba mbao za mkubwa mmoja. Mkubwa akapandishwa cheo akahamishwa, mbao hazikuonekana tena, gari likabaki kuwa kielelezo cha kesi ambayo haina mshitakiwa. Basi Ambokile akampakia mkewe kwenye pikipiki, akamweka katikati, na jirani yao Esnath akakaa nyuma kumshikilia, maana mgonjwa hakai peke yake. Njia nzima Tusekile aliegemeza kichwa mgongoni kwa mumewe. Walipofika hospitali daktari akasema huyu mama amekufa muda kidogo. Ambokile hakujua. Mkono wake ulikuwa bado umeshika koti.

Baada ya arobaini, Ambokile alitoka asubuhi akamkuta amekaa kwenye siti, tayari kwa safari. Hakumuuliza. Alipangusa umande, akawasha. Mchungaji alipowaona Jumapili aliomba jambo moja tu, kwamba pikipiki iegeshwe upande wa kina mama.

Tusekile alikuwa hashuki. Usiku alilala palepale chini ya kibanda, na Ambokile akamfunika koti. Maneno yake yalikuwa machache kuliko alipokuwa hai, ila kazi ya mgongoni aliifanya vilevile: kona ya utelezi alimbana ubavu apunguze mwendo, na akimwona mumewe ameanza kuwatukana viongozi mbele ya abiria, alimfinya.

Alhamisi hiyo pikipiki ilipakiwa kwenye gari la polisi ikapelekwa kituoni, Tusekile akiwa juu yake, kanga ikipepea. Beatrice akadandia gari jingine kuwahi kikao, na Ambokile akabaki njia panda na kiroba cha maparachichi mikononi. Mgongo ukaingiwa na baridi. Ndipo alipojua kwamba miaka mitatu yote mgongo wake ulikuwa haujawahi kupata baridi.

*

Ua wa kituo ulikuwa nyuma ya mikaratusi. Kulikuwa na pikipiki hamsini na kitu, nyingine zimekaa hadi zimeota kuvu kwenye siti, na moja ilikuwa imechipua mgomba katikati ya usukani na tangi, mgomba mzuri, una mkungu tayari. Pembeni, juu ya mawe manne, lilikaa lile gari la wagonjwa. Pikipiki nyekundu iliegeshwa mbele yake. Kwa hiyo Tusekile alipokaa kwenye siti, alikuwa analitazama.

Ambokile alilipa faini kesho yake, akapewa stakabadhi, akadhani mambo yameisha. Mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akaipokea kadi ya pikipiki, akaisoma mara mbili.

"Mzee, pikipiki si yako hii."

Kweli haikuwa yake. Ilinunuliwa na kikundi cha akina mama wa chai, zamu ya Tusekile ilipofika, na kadi ikaandikwa jina lake. Siku ile karani, kijana aliyeletwa kutoka mbali, alimuuliza mama, jina la pili nani? Tusekile akanyamaza akatazama sakafu. Ambokile akajibu kwa niaba yake kama alivyozoea, akataja jina la ukoo wao, na karani akaandika: Tusekile Nsajigwa.

"Mwenye chombo ndiye anayekabidhiwa," alisema mkuu wa kituo. "Na mwenye chombo yupo, namwona dirishani. Aje, au mimi nitamfuata, ataje jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi, atie saini, muende nyumbani mkapumzike."

Akatoka na fomu, akasimama mbele ya pikipiki, akamwamkia mama.

"Jina lako kamili, mama."

"Tusekile," alisema Tusekile.

"Tusekile nani?"

Tusekile akavuta kanga ikafunika paji la uso. Mkuu wa kituo akasubiri. Akauliza tena, polepole, kama anayemuuliza mtu asiyesikia vizuri. Watu waliokuwa wamekuja kufuata pikipiki zao wakainamisha macho, maana wao walikuwa wa hukuhuku na walielewa, na waliona aibu kwa niaba ya serikali.

Polisi wa kike aitwaye Bupe, mzaliwa wa Bulyaga, ndiye aliyemwambia bosi wake. Nsajigwa ni baba wa mume. Kwa watu wa huku mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, na jina lake halipiti mdomoni mwake. Wala hili si suala la kuwa mkaidi, afande. Hata akitaka, ulimi unakataa.

"Lakini huyo mkwe yuko hai?"

"Alikufa siku nyingi."

"Na mama naye amekufa."

"Ndiyo, afande."

"Sasa heshima ya nini tena?"

Bupe alitafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika jibu. Ambokile alikumbuka. Miaka thelathini na moja Tusekile alikwenda mtoni kwa njia ya chini, ndefu, kwa sababu njia ya juu ilipita mlangoni kwa mzee. Naye mzee alikuwa na adabu yake: popote alipokwenda, alikohoa kabla ya kona, kikohozi kikubwa cha makusudi, ili mkwe wake apate muda wa kupisha. Mzee alikuwa anapasua kuni na kuziacha kwenye jiwe nyuma ya jiko la Tusekile. Tusekile alikuwa anapika ndizi na maziwa, na chakula kinafika nyumba ya juu kwa mkono wa mtoto. Mwaka mzee alipougua hata akafa, ni Tusekile aliyempikia miezi kumi na moja, na hajawahi kumwona uso. Hakuna watu waliopendana katika ukoo ule kama wale wawili. Alipomtaja, alisema "yule wa nyumba ya juu".

Mkuu wa kituo aliirudisha fomu ofisini. Alisema yeye binafsi hana tatizo, tatizo ni kisanduku namba nne, cha jina la pili, hakiwezi kubaki wazi. Aliongeza kwamba chombo kisichochukuliwa ndani ya siku thelathini kinakwenda mnadani.

"Na mke wangu?" aliuliza Ambokile.

Mkuu wa kituo alifikiri kwa moyo mzuri kabisa.

"Chombo kinauzwa na vilivyomo," alisema.

*

Siku zilizofuata Ambokile alitembea kwa miguu Kisondela hadi mjini kila asubuhi, na kurudi. Alibeba ndizi zilizochomwa kwenye jani. Tusekile hakula, alipenda harufu. Ambokile alikaa kwenye tofali karibu na gurudumu, akamweleza habari: kuku ametotoa, Asajile mtoto wao kapiga simu kutoka Chunya, bwana shamba kaja na gari jipya kutazama matope. Alipofika kwenye habari ya bwana shamba alianza kupaza sauti kuhusu wakubwa na magari yao. Tusekile akanyoosha mkono akamfinya sikio, na polisi waliokuwa wanakunywa chai wakacheka kwa heshima.

Mvua ilinyesha. Bupe alimfunika Tusekile nailoni, na asubuhi moja akamwachia chupa ya chai ya rangi ashike mikono ipate joto. Askari wa zamu walizoea kumuaga wakitoka. Mmoja alimpelekea shati lenye kifungo kilichong'oka, akalishona. Hakuna aliyemdhulumu. Ila kila aliyemhurumia alipoulizwa habari ya kisanduku namba nne alisema angekuwa yeye ndiye mkubwa angekiruka, na hata mkuu wa kituo alisema hivyohivyo, akionyesha juu kwa kalamu.

Siku ya ishirini na saba akaja dalali na chaki. Alipita akiandika namba kwenye matangi. Ule mgomba aliupa namba yake peke yake. Kwenye pikipiki nyekundu akaandika 14, na katika daftari lake akajaza: pikipiki moja, nyekundu, inatembea, na mama mmoja. Mnada ulikuwa Jumamosi.

Jioni hiyo Bupe alimfuata Ambokile getini. Alikuwa amesoma kanuni zote hadi nyuma, palipochapwa herufi ndogo. Mwenye chombo asiyeweza kutaja jina lake kwa sababu yoyote, anaweza kutajiwa na mkubwa wa ukoo ulioandikwa kwenye kadi, akija mwenyewe na utambulisho.

"Basi mimi ni wa ukoo huo," alisema Ambokile.

"Wewe ni mtuhumiwa, baba. Mtuhumiwa hawezi. Una ndugu mkubwa?"

"Wote wametangulia."

"Na mzee mwenyewe?"

Ambokile alitazama uani. Kwa mbali kanga ya kijani ilionekana chini ya nailoni.

"Akija yeye," alisema, "mke wangu atashuka."

Bupe alielewa. Alikuwa wa Bulyaga. Mkwe hawezi kubaki juu ya siti, kichwa wazi, baba wa mumewe akiingia getini. Na miaka mitatu yote Tusekile hakuwahi kushuka, na hakuna aliyejua marehemu akishashuka kama anapanda tena.

"Sasa ni mawili, baba," alisema Bupe. "Uyapime."

*

Ambokile aliyapima kutwa nzima ya Alhamisi, akiwa amekaa kwenye tofali lake. Pikipiki bila Tusekile ni chuma tu. Tusekile bila pikipiki hajui ataishi wapi, maana kaburini alishakataa kukaa. Na Jumamosi wote wawili watanunuliwa na mtu wa Kyela au wa wapi, ambaye hajui kwamba kona za utelezi huyu mama anabana ubavu. Mwishowe alimuuliza mwenyewe.

"Nikamwite?"

Tusekile alikuwa analitazama gari la wagonjwa. Akavuta kanga mabegani.

"Mwambie akohoe mapema," alisema.

Ijumaa alfajiri Ambokile alipanda nyumba ya juu. Kaburi la baba yake lilikuwa upande wa migomba, na mzee Nsajigwa alikuwa amekaa juu ya saruji, amevaa lile koti refu la sufu alilozikwa nalo, ananusa ugoro. Hakuinua macho.

"Kahawa yangu umeing'oa," alisema.

"Bei, tata. Siku hizi ni maparachichi."

"Maparachichi. Chakula cha nguruwe." Akapiga chafya mbili. "Sema."

Ambokile akamweleza yote, tangu trafiki hadi kisanduku namba nne. Mzee hakushangaa popote, isipokuwa aliposikia kwamba kuna mtu alimtaka mkwe wake alitaje jina lake mbele za watu. Hapo aliacha ugoro.

"Na yeye akafanyaje?"

"Alinyamaza."

"Mtoto yule," alisema mzee, akapangusa ugoro vidoleni. Kisha akasema, "Lakini unajua nikiingia atashuka."

"Najua, tata."

"Na akishuka."

"Najua."

Mzee alinyanyuka kwa shida, akilalamika magoti, akilalamika kwamba watoto wake hata kaburi hawakulijengea kibaraza. Pikipiki ya kukodi aliikataa. Alisema katika maisha yake hakuwahi kukalia kitu chenye mlio, na hataanza leo.

Walifika saa nne. Mita hamsini kabla ya geti mzee Nsajigwa akasimama, akapanga miguu, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kile kile. Kilipita juu ya ukuta kikafika uani, na wanawake wote wa huku waliokuwa pale, pamoja na Bupe aliyekuwa na bunduki begani, walisogea hatua moja bila kufikiri. Tusekile akaiweka chini chupa ya chai. Akajitanda kanga mpaka machoni, akapeleka mguu wa kushoto chini, kisha wa kulia. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau ardhi ilivyo. Halafu akatembea haraka, amejikunja, akazunguka nyuma ya gari la wagonjwa, na mlango wa nyuma ukasikika ukifunguka na kufungwa.

Ambokile alikuwa getini. Aliiona siti tupu. Ilikuwa kavu, na kuzunguka pale alipokaa kulikuwa kumelowa mvua.

Ofisini mambo yalikwenda haraka. Mkuu wa kituo aliomba utambulisho, na mzee akatoa kwenye koti stakabadhi ya kodi ya kichwa, ya zamani, imekunjwa mara nne, muhuri wake bado unasomeka. Mkuu wa kituo aliishika kwa mikono miwili. Alisema karatasi za siku zile zilikuwa karatasi. Mzee akaulizwa jina la pili la mwenye chombo.

"Nsajigwa," alisema mzee kwa sauti ya kawaida. Kisha akaongeza, ingawa hakuulizwa, "Nimempa mimi. Ni lake."

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino. Kisanduku namba nne kikajaa. Wino haukushika vizuri, lakini alama ya udongo ilishika, na mkuu wa kituo akasema inatosha.

Mzee akatoka bila kutazama upande wa uani. Alisema anatangulia.

*

Ambokile alifuta ile 14 kwa kiganja. Aliitoa pikipiki mbele kidogo, akageuka, akasimama mlango wa nyuma wa gari la wagonjwa. Hakuufungua. Aligonga kwa kucha, kama anavyogonga mtu mlango wa nyumba isiyo yake.

"Mama Asajile."

"Niko huku."

"Yule wa nyumba ya juu amekwisha kutoka."

"Nimesikia."

 Kwa ndani aliusikia mkono ukipapasa kitu laini, kama shuka.

"Kuna kitanda humu," alisema Tusekile. "Kina mkanda wa kumfunga mgonjwa asianguke. Na chupa ya hewa. Imejaa, mshale umelala mwisho. Haijafunguliwa hata mara moja."

Ambokile alitaka kusema habari ya wakubwa. Maneno yalikuwapo, ameyatunza miaka mitatu, yamenoleka. Aliweka kiganja kwenye bati la mlango badala yake.

"Lala kidogo," alisema. "Nakusubiri."

Alilala. Ambokile akakaa kwenye tofali lake. Bupe akapita mara mbili. Mkuu wa kituo akachungulia dirishani, akaona chombo kilichokabidhiwa bado kimo uani, jambo ambalo lina kisanduku chake, akafunga pazia. Baada ya saa moja hivi mlango ukafunguka. Tusekile alitoka, ametandika shuka vizuri nyuma yake. Alilizunguka gari, akagusa kila jiwe kwa kidole cha mguu, yote manne. Kisha akaja, akashika bega la mumewe, akapanda. Mgongo wa Ambokile ukapata joto.

Hakuwasha injini. Mzee alikuwa amewangoja mbele barabarani, na mkwe hampiti baba mkwe. Kwa hiyo Ambokile aliisukuma, Tusekile akiwa juu, amejifunika, na mzee Nsajigwa akitembea mbele kwa mita mia moja, hageuki, anakohoa kila kona ili wajue yuko wapi. Walitoka mjini hivyo. Wakapita njia panda, na Koplo Wilson akapiga saluti, maana chombo kinachosukumwa hakina kosa. Ambokile hakukumbuka lini alikuwa na siku nzuri namna ile.

Kwenye kona ya chai wakakutana na watu wanne wamebeba machela. Mzee aliwapisha. Juu ya machela alikuwa Esnath, yule jirani, amekunjamana, anapumua kama mtu anayepandisha mlima. Binti yake Anneth alikimbia pembeni amemshika mkono. Walipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Waliambiwa lipo, ila limeshikiliwa.

Ambokile akageuza pikipiki.

"Mpakieni katikati," alisema. "Anneth, kaa nyuma umshike. Mke wangu atasogea."

Tusekile akasogea. Alihamia kwenye keria ya kufungia mikungu, akazungusha mikono yake miwili kuwapita wote, Anneth na Esnath, hadi ikafika kwenye koti la mumewe. Ambokile akawasha.

Njia panda ya Ibighi Koplo Wilson akanyoosha mkono. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akafika watu wanne, akamtazama Esnath usoni.

"Mpeleke kwanza," alisema. "Kadi niachie. Ukimshusha, pikipiki ilete mwenyewe uani, mzee, nisikufuate."

Hospitali walimpokea Esnath wakamwekea hewa. Daktari akasema mmemwahi huyu. Ambokile akamshukuru, akatoka, akamkuta Tusekile kwenye siti, akampeleka kituoni taratibu, kona zote kwa mwendo mdogo. Geti lilikuwa wazi. Doa la mafuta ya pikipiki lilikuwa bado pale, mbele ya gari la wagonjwa, na tofali lake lilikuwa pale. Aliegesha juu ya doa. Mkuu wa kituo akatoka na fomu mpya, akampa pole, akamwambia kanuni ni zile zile, siku thelathini, na kisanduku namba nne.

Ambokile alivua koti akamfunika mkewe mabega. Mawingu yalikuwa yameshashika mlima Rungwe hadi kiunoni. Tusekile alitazama juu, akajitanda kanga vizuri, akapokea chupa ya chai kutoka kwa Bupe.

"Ukipita nyumba ya juu," alimwambia mumewe, "mwambie yule, kesho aje na mwavuli."